Deni la Mwenye Debe

Mwezi huu nataka kunena nanyi juu ya jambo lionekanalo kuwa dogo, yaani kupanda mmea utambaao ndani ya chombo. Ukipita katika mitaa ya mji wetu wa Iringa, kama Kihesa na Mlandege, utaona penye baadhi ya nyumba debe kuukuu, au ndoo ya plastiki iliyopasuka, au gunia lililojazwa udongo, na ndani yake umepandwa mpasheni, ambao wengine huuita mkarakara. Shina limetoka chomboni, likakamata kamba, likapanda ukutani hata kufika chini ya paa. Mwenye nyumba apata kivuli na matunda, na wapitao njiani hutazama na kusifu.

Watu hawafanyi hivi kwa mchezo. Huyu ua wake umesakafiwa kwa saruji, hana hata hatua moja ya ardhi. Yule ni mpangaji, naye haoni faida ya kupanda katika ardhi ya mtu ambaye huenda mwakani atamwambia ahame. Wa tatu ana shamba, lakini udongo wake umeingiwa na ugonjwa ule unyaushao mipasheni kuanzia mizizini, naye ameona heri kuchukua udongo safi wa mahali pengine na kuutia chomboni. Basi sababu zao ni njema, wala sina neno la kuwalaumu.

Lakini ndani ya jambo hili dogo mna swali kubwa la haki, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Swali ni hili: Mtu akimwondoa kiumbe mahali alipoweza kujitafutia mwenyewe, akamweka mahali pa kungoja kuletewa, je, amejitwika deni gani? Nawaomba tulitazame kwanza katika mmea, kwa maana mmea hautuonei haya wala hautupendelei. Kisha tulitazame katika wanadamu, ambako ndiko linakotuuma.

Tuanze na maji. Mvua za Iringa huanza mwezi wa Novemba au Desemba, nazo hukoma Aprili, au Mei zikichelewa. Baada ya hapo mbingu hufungwa karibu nusu mwaka, upepo hukausha nchi, na vumbi hufunika majani. Mpasheni uliopandwa ardhini nao huona taabu wakati huo, lakini una njia ya kujisaidia. Mizizi yake haishuki chini sana, ila hutandaa mbali. Huenda upande huu na upande huu chini ya majani makavu, mpaka ikute mfereji au kivuli cha mgomba. Mwenye shamba aweza kusafiri juma zima, na akirudi ataukuta u hai.

Mpasheni wa debe hauna njia hiyo. Mizizi ikienda kushoto yakuta bati. Ikienda kulia yakuta bati. Ikishuka yakuta bati. Dunia yake yote ni lita 20 za udongo, au pungufu. Tena bati likipigwa na jua la mchana hupata moto, na udongo ulio ndani hukauka upesi kuliko ule wa shambani. Siku chache tu za kusahauliwa mwezi wa Septemba, majani hulegea. Zikiongezeka, vitumba vya maua hudondoka. Zikizidi, mmea umekufa.

Siku moja shuleni, tulipokuwa tukimwagilia mmea wa namna hii, mwanafunzi wa darasa la tano aliniuliza, "Mwalimu, mbona ule wa bondeni hatuupelekei maji, nao ni mpasheni kama huu?" Kabla sijamjibu, mwenziwe akadakia, "Ule hujitafutia. Huu unatungoja sisi." Nikanyamaza, maana sikuwa na la kuongeza.

Naam, hapo ndipo penye shina la neno langu. Mtu apandaye ardhini hufanya kazi ya kupanda, akamwachia Mungu na ardhi sehemu kubwa ya kulea. Mtu apandaye katika debe ameitoa ardhi kazini, akaketi yeye mahali pake. Kazi zote ambazo ardhi ilizifanya bila kuombwa, yaani kuhifadhi maji, kulisha, kupoza mizizi na kutoa nafasi, sasa ni kazi zake yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Alipochukua nyundo na msumari akatoboa matundu chini ya debe, akajaza udongo na samadi, akafukia mbegu, saa ile ile ametoa ahadi, ijapokuwa hakufungua kinywa. Kila upande ambao mzizi umezuiliwa kwenda, yeye ameahidi kuleta.

Basi haki yataka hivi: kadiri unavyompunguzia kiumbe uwezo wa kujitafutia, kadiri hiyo hiyo deni lako kwake huongezeka. Wala tusilichanganye deni hili na huruma. Huruma ni kumpa mtu kitu asichokudai. Mwenye debe amwagiliapo mmea wake hatoi sadaka, analipa. Naye akisifiwa na majirani kwa ukarimu wake kwa mmea, yafaa acheke, kama achekavyo mtu asifiwaye kwa kurudisha jembe aliloazima.

Nimesema deni, lakini kwa kweli ni madeni matatu. La kwanza ni hilo la maji, yaani riziki. Nalo hulipwa kila siku, halilipwi kwa mkupuo. Kumwaga ndoo nne leo kwa ajili ya siku nne zijazo hakufai kitu. Maji hupita katika matundu ya chini, huondoka pamoja na rutuba, na baada ya siku mbili udongo ni mkavu vile vile. Ndiyo sababu kazi hii humshinda mtu ambaye bidii yake ni kama moto wa mabua.

Deni la pili ni kichanja. Mpasheni hauna shina gumu la kujisimamisha. Umepewa vikono, yaani nyuzi nyembamba zitokazo penye kikonyo cha jani, navyo hupapasa hewani vikitafuta cha kushika. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Charles Darwin, aliyechapisha habari za mimea itambaayo mwaka 1865, aligusa kwa kijiti kikono cha mmea mmoja wa jamaa ya mpasheni, akaona kimeanza kujipinda baada ya kama nusu dakika tu. Kikono kikishapata fito hujizungusha juu yake, kisha sehemu iliyobaki hujisokota kama springi, hata upepo ukivuta, mmea hunepa bila kukatika.

Yafaa tujue pia kwamba mpasheni haunyonyi nguzo yake. Iko mimea ya kimelea iotayo juu ya matawi ya miti mingine, ambayo hupenyeza mizizi ndani ya mti na kunywa maji yake. Mpasheni si hivyo, hushika tu. Nguzo yaweza kuwa mti mkavu usio na utomvu hata kidogo, nao mmea utapanda. Basi wale wasemao kwamba kila mwenye kuegemea ni mnyonyaji wamekosea. Kuna kuegemea kwa kunyonya, na kuna kuegemea kwa kupanda. Mmea huu haukuombi uubebe hata juu. Wakuomba mahali pa kushika, kupanda utapanda wenyewe. Lakini ukinyimwa fito hutambaa chini, maua hulala katika tope, na matunda huoza. Maji umepata, ila umekosa njia ya kwenda juu.

Deni la tatu ni nafasi, nalo ndilo lisahauliwalo kuliko yote kwa sababu halionekani. Juu ya debe majani ni mabichi, mwenye nyumba afurahi. Chini mizizi imefika ukutani, imegeuka, imeanza kuzunguka. Yazunguka mara ya kwanza na ya pili na ya kumi, hata mizizi ikawa mingi kuliko udongo, nayo hujibana yenyewe kwa yenyewe kama kamba katika kifundo. Wajuao kazi hii hutazama dalili: maji yakimwagwa hupita mbio yakatoka chini, na mmea hunyauka mchana hata kama ulimwagiliwa asubuhi. Hapo hapana dawa ila kuuhamisha, katika chombo kikubwa zaidi au ardhini.

Tena sikilizeni ajabu nyingine. Mmea uliokaa mno katika chombo kidogo, ukitolewa na kupandwa ardhini vivi hivi, mara nyingi mizizi yake huendelea kuzunguka pale pale, kana kwamba ukuta ungalipo. Nchi yote sasa ni yake, lakini haijui. Kwa hiyo apandaye kwa akili huikunjua mizizi hiyo kwa vidole, pole pole, kabla ya kufukia. Kumbe kumfungulia aliyefungwa hakutoshi. Imempasa mtu amkunjue pia.

Mtu asidhani kwamba nasema debe ni dhambi. Miche ya miti na ya chai huko Mufindi huanza maisha yake katika vifuko vidogo kitaluni, wala hapana njia bora ya kuilinda ingali michanga. Katika nchi hizo za juu sakitu yaweza kuanguka mwezi wa Juni na Julai, ikaunguza majani; mwenye mche chomboni huusogeza chini ya paa usiku, na mwenye mche ardhini hutazama tu. Hata kwetu sisi wanadamu ziko kuta njema. Shule ya bweni ni debe. Kumweka kijana kwa fundi seremala ni debe. Nyumba ya baba na mama ni debe kwa mtoto mchanga. Basi swali silo kama kuna ukuta. Swali ni kama aliyeweka ukuta ameleta vile vilivyozuiliwa na ukuta.

Nasi tulio wasomaji wa Maandiko twaikumbuka habari ya nabii Yona. Aliketi nje ya Ninawi akingoja mji uangamie, na Mungu akaotesha mmea mmoja, ambao Biblia yetu ya Kiswahili huuita mtango, ukapanda juu ya kibanda chake ukamtia kivuli. Yona akaufurahia sana. Kesho yake buu akautafuna, ukanyauka, na Yona akakasirika hata akataka kufa. Ndipo Mungu akamwonyesha jambo: yeye Yona aliuhurumia mmea ambao hakuupanda wala hakuutolea jasho, je, Mungu asiuhurumie mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wao wa kulia na wa kushoto? Angalieni jinsi neno lile lilivyotoka katika mmea likaingia mjini. Nami nafuata njia hiyo hiyo. Ikiwa Yona aliumizwa na mmea asioupanda, sisi tutajibu nini juu ya wale tuliowapanda wenyewe, kwa mikono yetu, katika mji mkubwa?

Sasa na niseme wazi lililo moyoni mwangu. Kwa miaka mingi mkoa wetu umejulikana huko Dar es Salaam kuwa ni mahali patokapo wasichana wa kazi za nyumbani. Mabinti zetu hupanda gari, hushuka mlima wa Kitonga, hupita Mikumi na Morogoro, safari ya kilometa kama 500, waende kupika, kufua, na kubeba watoto wa watu. Kazi hiyo ni halali, na mikono iifanyayo ina heshima mbele za Mungu. Wako walioangukia kwa watu wema, wakalipwa haki yao, wakawasaidia wazazi wao na kuwasomesha wadogo wao. Nawashukuru wao na waajiri wao. Lakini wako na wengine ambao habari zao zikisimuliwa kijijini, mama zao huinuka na kwenda nyuma ya nyumba.

Mtazameni binti huyo kwa macho yale yale tuliyotazamia mmea. Kwao alikuwa maskini, lakini alikuwa na mizizi. Akikosa chumvi alijua jirani wa kumwendea. Akiugua, shangazi yake yu ng'ambo ya kijito. Akionewa, yuko bibi yake wa kumkimbilia, yuko mwalimu, yuko mzee wa kanisa. Alizijua njia zote za kijiji, na Kihehe chake kilisikiwa na kila mtu. Huko alikopelekwa hajui njia hata moja. Geti limefungwa. Simu si yake. Mshahara wake, ikiwa upo, umewekwa na mwingine. Hata jina la mtaa hajaambiwa. Kila upande aunyoshapo mkono pana bati. Basi ni nani aliyeitoa ardhi kazini? Ni nani aliyeketi mahali pa shangazi, na bibi, na mwalimu, na mzee wa kanisa? Ni yule aliyemchukua, na deni lote ni lake.

Maji ya binti huyo ni chakula cha kutosha, na usingizi, na dawa akiugua, na mshahara wake kwa tarehe yake, na neno jema. Hayo hulipwa siku kwa siku na mwezi kwa mwezi. Gauni jipya la Krismasi haliwezi kufuta miezi kumi ya mshahara usiolipwa, kama vile ndoo nne za leo zisivyotuliza kiu ya juma lijalo. Kichanja chake ni mahali pa kushika: kufundishwa cherehani, au kusoma jioni kazi zikiisha, kwenda ibadani Jumapili, kuwa na akiba yenye jina lake mwenyewe. Hamwombi bwana wake amtajirishe. Aomba fito. Na nafasi yake ni kwamba aliyefika akiwa na miaka 16 si yule tena akiwa na miaka 22. Amekua, na chombo kimekuwa kidogo. Mwenye nyumba akataaye kumwachilia kwa sababu "watoto wamemzoea" hutazama majani ya juu, hatazami mizizi.

Na sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu katika hilo la kukunjua. Wako mabinti warudio kijijini wakinena kwa kunong'ona. Waomba ruhusa hata ya kuketi. Waambiwapo wale, wangoja kwanza wengine wamalize. Vijana huwacheka, na wazee husema, "Mji umemharibu." Msiwacheke. Ukuta haupo tena, lakini mizizi ingali inazunguka. Mtu kama huyo ahitaji subira, na kazi ya kuaminiwa nayo, na kuulizwa shauri lake, mpaka ajue tena kwamba nchi hii ni yake.

Najua wengine watanipinga, nami sitaki kuwakimbia. Wa kwanza atasema: "Mwalimu, kwao kulikuwa na njaa. Hapa kwangu, hata nisipomlipa sana, ala wali. Je, si heri debe lenye maji kidogo kuliko shamba lililokauka?" Neno hili lina nguvu, kwa maana mara nyingine ni kweli. Lakini nauliza: deni hupimwa kwa kitu gani? Halipimwi kwa ukavu wa shamba alikotoka. Hupimwa kwa ukuta uliomzungushia. Ukimtoa mtu mtoni asizame, umefanya wema mkubwa. Lakini wema huo haukupi ruhusa ya kumtumikisha bure kwa sababu bila wewe angalikufa. Njaa ya kwao ni sababu ya kumpokea. Haiwezi kuwa sababu ya kumpunja.

Wa pili atasema: "Alikubali mwenyewe, hakuburutwa." Ni vema ikiwa alikubali. Lakini alikubali nini? Alikubali yale aliyoambiwa, si yale aliyoyakuta. Wala si kila kukubali ni kukubali. Mtoto wa miaka 12 akiambiwa habari za taa za mji na televisheni, atakubali kabla sentensi haijaisha. Kwa hiyo sheria ya nchi yetu haikumwachia mtoto shauri hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Naye aliyefika umri huo, angali mtoto, aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo.

Wa tatu atasema: "Mimi mwenyewe mshahara wangu ni mdogo, nitatoa wapi hayo yote?" Huyo namhurumia, lakini jibu lake ni fupi. Asiye na maji asipande katika debe. Hakuna aliyeamriwa kuwa na mtumishi. Mtu aweza kufua nguo zake mwenyewe na kuonekana mwungwana mbele za Mungu na watu.

Sasa nawageukia wazazi, maana haingekuwa haki kumsema mwenye debe peke yake na kumwacha aliyempa mche. Mkulima mwenye akili hahamishi mche mizizi mitupu; huuchimbua pamoja na udongo wake wa kwanza, ili usishtuke huko uendako. Basi nanyi fanyeni hivyo. Kwanza, mtoto wa shule na abaki shule. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hata kidato cha nne, na ijapokuwa daftari, sare na michango vyatusumbua, mzigo si ule wa zamani. Pili, aliye mtu mzima naye ataka kwenda kazini, msimkabidhi kwa mpita njia mwenye nguo nzuri. Lijueni jina la mwajiri, na mtaa, na nambari ya simu, na ofisi ya serikali ya mtaa huo. Tatu, mapatano ya mshahara yaandikwe. Sheria hiyo hiyo ya 2004 yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Nne, achukue barua ya mchungaji au padre, aipeleke kanisani huko, ili wawepo watu wamjuao nje ya geti. Tano, nambari moja ya simu ya nyumbani aishike kwa moyo, maana karatasi hupotea na hunyang'anywa. Huo ndio udongo wa kwao aendao nao.

Tena msile mshahara wake wote. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba mwajiri ni mchoyo, kumbe kila kitumwacho huishia kwao, na binti hurudi baada ya miaka mitano mikono mitupu. Ikiwa ni vibaya kwa bwana kumnyonya, haiwi vizuri kwa baba.

Kabla sijaweka kalamu chini, neno moja juu ya jina la mmea huu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi ya Brazili na jirani zake. Wamisionari wa zamani waliofika pande zile waliliona ua lake, wakaona ndani yake alama za mateso ya Bwana Yesu: nyuzi zilizozunguka katikati wakazifananisha na taji ya miiba, vichwa vitatu vya juu wakaviita misumari mitatu, vile vitano vya chini yake majeraha matano, na vikono wakavifananisha na mijeledi. Mwaka 1610 mwandishi mmoja wa Roma, Giacomo Bosio, alieleza habari za ua hilo katika kitabu chake juu ya Msalaba. Ndipo likaitwa ua la Mateso, na neno letu "pasheni" limetoka huko, kwa njia ya Kiingereza. Ua lenyewe hudumu siku moja tu, likafunga.

Basi Mkristo mwenye mmea huo barazani pake, na binti wa watu jikoni mwake, hana haja ya kutafuta mbali somo la Jumapili. Kila asubuhi achukuapo kopo la maji kwenda kumwagilia debe, na ajiulize kama aliye ndani naye amepata yake, kama ana cha kushika, na kama chombo kingali kinamtosha. Akiona amepungukiwa na moja ya hayo, asingoje mahubiri wala mwezi ujao. Na alipe leo.